Kinyago na Aliyekichonga

Gogo la mpingo likikatwa huonyesha rangi mbili. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la mti mweupe unaoelekea unjano, na ndani yake kiini cheusi, kigumu kiasi cha kubutua makali ya tezo upesi, na kizito kiasi kwamba kipande chake kikitiwa majini huzama. Kiini hicho, kikishachongwa, kikapigwa msasa na kusuguliwa mpaka king'ae, ndicho kinachowajia watu wengi akilini inapotajwa sanaa ya Afrika Mashariki: kinyago cheusi cha Kimakonde. Kwa kuwa mti ni mweusi na aliyeuchonga ni mweusi, ni rahisi kudhani kwamba rangi ya kinyago na rangi ya mchongaji zimeshikana tangu azali. Historia haisemi hivyo. Vinyago ambavyo Wamakonde, watu wa pande mbili za mto Ruvuma mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, walivichonga kwa ajili ya ngoma zao vilikuwa vya miti myepesi na laini, kwa sababu mchezaji hawezi kuruka na kutikisa mabega kwa saa nyingi akiwa amebeba mpingo kichwani. Mpingo ulishika nafasi yake baadaye, wachongaji walipoanza kuwauzia wageni. Weusi wa kinyago una tarehe. Kuna watu walioupendelea, na walikuwa na sababu zao. Hapo ndipo inapoanzia hoja ya makala haya. Ujumi wa watu weusi, yaani namna yao ya kuutambua uzuri, kuutengeneza na kuuhukumu, mara nyingi huelezwa kama hazina ya kale tuliyorithi ikiwa kamili, ambayo wajibu wetu ni kuilinda isichafuke. Wachonga vinyago wa Kimakonde wanatufundisha jambo jingine: kwamba ujumi huo umekuwa daima kazi ya watu wanaojua wanachokifanya, wanaobadili umbo, mti na soko kwa hiari yao kadiri walivyoweza, na kwamba uhalali wake umo katika kujua huko.

Wanafikra waliojaribu kueleza kiini cha sanaa ya watu weusi walitofautiana kwa namna inayostahili kuzingatiwa. Mwaka 1925 Alain Locke, mwanafalsafa Mmarekani mweusi, alihariri kitabu cha The New Negro, na katika insha yake kuhusu urithi wa sanaa za mababu alieleza kwamba sanaa ya Afrika ni sanaa ya nidhamu, ya kujizuia, ya umbo lililopimwa kwa makini. Hisia zilizofurika, kwa maoni yake, zilikuwa sifa ya Wamarekani weusi, iliyozaliwa na mateso ya utumwa. Miaka 14 baadaye Léopold Sédar Senghor wa Senegali akaandika karibu kinyume chake: akaihusisha hisia na mtu mweusi, na urazini na Wagiriki wa kale, na akaendelea kuuona mdundo kuwa roho ya sanaa yetu hadi alipoandaa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Dakar mwaka 1966. Wote wawili waliipenda Afrika. Wote wawili walikuwa na mifano ya kuonyesha. Lakini jambo moja haliwezi kuwa baridi na moto kwa wakati mmoja, na kupingana kwao kunatuonyesha kwamba kila anayetafuta kiini kimoja cha sanaa ya bara zima hukipata kile alichokwenda kukitafuta. W.E.B. Du Bois, mwanafikra mwingine Mmarekani mweusi, katika hotuba yake ya mwaka 1926 kuhusu vigezo vya sanaa ya watu weusi, aliuliza swali lenye manufaa zaidi: ni nani anayehukumu? Alitaka watu weusi wenyewe wawe waamuzi huru wa kazi za wasanii wao. Swali hilo, tofauti na lile la kiini, linaweza kujibiwa kwa kuichunguza historia ya fani moja, mahali pamoja, mikononi mwa watu wanaojulikana.

Lugha yetu yenyewe inatupa pa kuanzia. Kiswahili hakitenganishi barakoa inayovaliwa ngomani na sanamu inayouzwa dukani. Vyote viwili ni vinyago. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, ile barakoa huitwa kitu cha ibada na huwekwa chini ya kioo, na ile sanamu huitwa bidhaa ya watalii na huachwa mlangoni. Msemaji wa Kiswahili hana mpaka huo kinywani mwake. Vivyo hivyo, neno moja la -zuri hutosha kwa mtu mwenye sura ya kupendeza, kwa jirani mwenye tabia njema, kwa jembe linalolima vyema na kwa hoja iliyonyooka. Hatusemi haya ili kudai kwamba Waswahili hawajui kupambanua. Tunalo pia neno urembo, na kila mtu anajua kwamba urembo waweza kuwapo pasipo uzuri. Kinyago cha shetani mwenye jicho moja na meno yaliyochomoza hakina urembo wowote, na bado mchongaji atakiinua, atakigeuza mkononi na kusema kwa haki kabisa kwamba ni kizuri. Anachokisifu ni kazi: mkato uliopita pale ulipopasa kupita, umbo lililotimia, mti uliotendewa haki. Uzuri wa namna hiyo ni hukumu juu ya tendo la mtu, na kwa hiyo hauwezi kuelezwa bila kumwangalia mtendaji.

Wamakonde wamemwangalia mtendaji huyo tangu mwanzo wa dunia yao. Katika hadithi ya asili yao, iliyoandikwa na wageni wa enzi ya Wajerumani katika nyanda za juu za kaskazini mwa mto Ruvuma, palikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja akachonga sanamu kwa mti, akaisimamisha karibu na makao yake, na usiku sanamu hiyo ikawa mwanamke hai. Watoto wao wawili wa kwanza, waliozaliwa mabondeni karibu na maji, hawakuishi. Wa tatu, aliyezaliwa juu nyandani, akawa mzazi wa kabila. Hadithi nyingi za asili humweka mungu mwenye udongo mikononi. Hii inamweka mchongaji mwenye mti, na tena mchongaji ambaye bado hajawa binadamu kamili: kazi yake ndiyo iliyomtoa porini na kumleta kwenye jamii. Hatuhitaji kuigeuza hadithi kuwa ithibati ya kihistoria ili kuona uzito wake. Watu walioisimulia walishika kwamba ubinadamu wenyewe ni kitu kilichochongwa, na wale wanaofikiri hivyo hawawezi kushangaa wakiambiwa kwamba utamaduni wao umetengenezwa na watu.

Ngoma ya mapiko ya upande wa Msumbiji inalionyesha wazo hilo waziwazi. Lipiko, umoja wa mapiko, ni kinyago cha kuvikwa kichwani kama kofia ya chuma, kilichoinamishwa kidogo, mchezaji akiona njia kupitia tundu la mdomo huku nguo zikimfunika mwili mzima. Mistari ya chale usoni mara nyingi hubandikwa kwa nta ya nyuki ili iinuke kama ilivyoinuka katika ngozi ya mtu, na nywele zinazogandishwa kichwani ni nywele za binadamu kwelikweli. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba lipiko ni mfu aliyerudi, na walipaswa kumkimbia. Lakini kijana aliyekuwa jandoni alifikishwa mahali ambapo alilazimika kumkabili lipiko, kumvua kinyago, na kuukuta chini yake uso wa mtu wa kijijini kwao. Hilo lilikuwa somo la kuingia utu uzima: kitu kilichokutisha kimetengenezwa, na sasa wewe ni miongoni mwa wanaojua namna kinavyotengenezwa. Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo hutumiwa sana kumdhihaki anayejikuza mbele ya waliomlea, ila katika jando la Wamakonde ilikuwa kama falsafa nzima. Kijana hakuambiwa aache kucheza kwa kuwa amegundua siri. Aliambiwa kwamba sasa ni zamu yake. Nguvu ya kinyago haikupungua kwa kujulikana kuwa ni mti, nta na nywele. Iliongezeka, kwa sababu ilikuwa imehama kutoka katika hofu ikaingia katika ufundi.

Na ufundi huo haukukaa mahali pamoja. Kaskazini mwa Ruvuma, Wamakonde wa Newala na maeneo jirani walikuwa na vinyago vya uso, na pia vibao vya kufungwa kifuani vyenye matiti na tumbo la mja mzito lililochorwa chale, ambavyo mwanamume alivivaa ili kuigiza mwanamke anayesubiri kujifungua. Karl Weule, Mjerumani aliyezuru eneo hilo mwaka 1906, alipeleka Leipzig shehena ya vitu vya namna hiyo akiamini anaokoa mabaki ya utamaduni unaokufa. Kilichokuwa mbele yake, hata hivyo, hakikuwa mabaki. Vikundi vya ngoma vilishindana, na kundi lililokuja na sura mpya ndilo lililosifiwa. Ndiyo maana miongoni mwa mapiko zimo sura za ofisa wa Kireno, mfanyabiashara wa Kihindi na wageni wengine wenye ndevu na kofia zao. Aliyekuja kutawala alijikuta amechongwa, akachezwa na kuchekwa uwanjani. Kama mgeni angeweza kuingia ndani ya kinyago mara tu alipofika, basi hatuwezi kusema kwamba sanaa hii ilikuwa safi mpaka alipofika, kisha ikaharibika. Kumtazama mgeni na kumpa umbo kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe kabla mgeni hajajua kwamba anatazamwa.

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya hiari. Upande wa Msumbiji, chini ya Wareno, palikuwa na kazi za shokoa, na tangu mwaka 1938 kilimo cha pamba kwa lazima. Watu walivuka Ruvuma kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanganyika, kuanzia Lindi na Mtwara hadi Tanga, wakawa miongoni mwa manamba, vibarua waliotambuliwa kwa namba zaidi ya majina. Wenyeji waliwaita Wamawia, mara nyingi kwa dharau, wakiwaogopa kwa chale za usoni na meno yaliyochongwa. Wakati huohuo, wachongaji wa Mueda, katika nchi ya Wamakonde upande huo wa Msumbiji, walikuwa wamekwisha kuanza kuwauzia maofisa na wamisionari wa Kireno sanamu za watu na watakatifu, na katika biashara hiyo mti mgumu uliodumu na kung'aa ulipata bei nzuri. Walipoingia Tanganyika walikuwa na tezo, patasi, na ujuzi wa mpingo. Mchongaji aliyekuwa namba katika shamba la mkonge aliweza jioni kuketi chini, akaliweka gogo katikati ya miguu yake, na kuwa tena mtu mwenye jina. Tusiuremba umaskini: wengi walichonga kwa sababu walihitaji fedha. Hata hivyo mtu aweza kuhitaji fedha na bado akaamua ni umbo gani atakalolitoa katika mti, na uamuzi huo ndio tunaouandikia historia.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulitokea Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, Mohamed Peera, alikuwa akinunua vinyago kutoka kwa wachongaji waliotoka Msumbiji, miongoni mwao Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba kinyago cha Samaki kilivunjika mkono, na badala ya kukitupa alikichonga upya kikawa kiumbe asiye mtu: shetani. Iwe simulizi hiyo ni sahihi neno kwa neno au la, mtindo uliotoka hapo ulikuwa mpya machoni pa kila mtu. Shetani wa Kimakonde ana jicho moja lililotokeza, au uso ulioanzia begani. Sikio laweza kurefuka likawa mkono, na tumbo likawa tundu ambalo mwanga hupita. Wachongaji walikuwa na mizimu na viumbe wa porini wa kuwatolea mfano, kama yule waliyemwita nandenga, lakini hapakuwa na desturi ya kuwachonga hivyo. Mpingo nao ulisaidia. Ni mti unaopinda, wenye mafundo na mashimo, na anayetaka kuchonga mtu aliyesimama wima hupoteza sehemu kubwa ya gogo. Mchonga shetani alianza na kilema cha mti: penye ufa akaweka mdomo, penye fundo akaweka goti. Baadhi waliuacha pia ule mti mweupe wa nje ubaki kama mstari mgongoni, rangi mbili za gogo zikionekana pamoja. Chanuo Maundu, John Fundi na wengine wakaipeleka njia hiyo mbele, kila mmoja kwa mkono wake.

Hapa husimama pingamizi la kwanza, na ni zito. Wapo wanaosema kwamba kazi hizi si sanaa ya Kiafrika kwa maana kamili, kwa sababu zilifanywa kwa ajili ya wageni, kwa kupitia dukani, na hazikuwa na nafasi yoyote katika ibada au ngoma. Ni kweli kwamba bila wanunuzi wa nje wachongaji wengi wasingeendelea. Ni kweli pia kwamba Peera alikuwa na sauti katika nini kinunuliwe. Lakini pingamizi hilo linajengwa juu ya dhana mbili zisizosimama. Ya kwanza ni kwamba kinyago cha ngoma hakikuwa na mnunuzi. Mchongaji wa lipiko naye aliagizwa, akalipwa, na kazi yake ikahukumiwa uwanjani na watu ambao wangeweza kuikataa. Ya pili ni kwamba anayelipa ndiye anayebuni. Mnunuzi aweza kuchagua katika vilivyoletwa mbele yake. Hawezi kuota ndoto kwa niaba ya mwingine. Wanunuzi wa wakati ule walizoea sanamu za wanyama, wazee wa ndevu na wanawake wabeba mitungi, na soko la vitu hivyo lilikuwa tayari, kama lilivyoonekana pia Kenya, ambako Mutisya Munge wa Wamunyu aliurudisha nyumbani Ukambani ujuzi alioupata kwa wachongaji wa Kizaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna mtalii aliyeshuka melini akiulizia kiumbe mwenye tumbo tupu na sikio la mkono. Alionyeshwa, akashangaa, ndipo akanunua. Katika jambo hilo mchongaji ndiye aliyemfundisha mnunuzi kutazama.

Pingamizi la pili latoka upande mwingine: kwamba sanaa hii iligeuzwa kuwa tangazo la siasa. Mfano unaotolewa ni ule mtindo wa nguzo ya watu waliobebana, mmoja juu ya mabega ya mwingine, miguu na mikono ikiwa imesukana kutoka chini hadi juu ya gogo, ambao kila mtu leo huuita ujamaa. Anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, na jina la mwanzo la kazi hiyo lilikuwa dimoongo, lenye maana ya nguvu. Ilikuwa picha ya mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Azimio la Arusha, lililoifanya ujamaa kuwa siasa ya Tanzania, lilipotangazwa mwaka 1967, nguzo hiyo ilikuwa imekwisha kuwepo. Siasa iliikuta ikaipa jina. Je, jina hilo liliiharibu? Ningesema liliifungua. Dimoongo ilimsifu mmoja aliyeinuliwa na wengi. Ujamaa uliwasifu wengi wanaoinuana, na macho yetu yakaacha kutafuta mshindi kileleni, yakaanza kushuka chini kuangalia nani kambeba nani. Umbo lilibaki lilelile, maana ikahama, na wachongaji wakaijibu maana mpya kwa nguzo zenye vizazi vya ukoo, wazee chini na watoto juu. Wachongaji hao hawakuwa wageni wa siasa. Wengi walitoka eneo ambalo tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilipata humo wapiganaji wake wa mwanzo. Kumdai mtu wa historia hiyo achonge bila siasa ni kumtaka achonge bila kumbukumbu.

Kuna pingamizi la tatu, la kifalsafa zaidi. Je, kuna haki gani ya kuitaja kazi ya kabila moja la mpakani mwa Ruvuma kama ushahidi wa ujumi wa watu weusi wote? Mmakonde hana umbo, mti wala hadithi anayoshirikiana na Myoruba, sembuse na mpiga muziki wa New Orleans. Hoja hiyo ni sahihi kwa mtu anayetafuta umbo la pamoja, na mvutano wa Locke na Senghor umekwisha kutuonyesha kwamba umbo hilo halipo. Kinachoshirikishwa ni hali: ya watu waliochorwa na wengine kabla ya kupewa nafasi ya kujichora, wakaambiwa wao ni hisia tupu au mikono mitupu, na wakalazimika kuunda uzuri mbele ya macho ya watu waliokuwa na bei na bunduki. Klarineti, chombo ambacho Wamarekani weusi wa New Orleans walikifanya kuwa mojawapo ya sauti kuu za muziki wa jazi, kwa kawaida hutengenezwa kwa mpingo, mti unaotoka hasa Tanzania na Msumbiji. Chombo hicho hakikubuniwa kwa ajili yao, na muziki wa kukipigia ulikuwa umekwisha kuandikwa na wengine. Walikichukua wakakifanya kiseme jambo ambalo watengenezaji wake hawakulitarajia. Hawakufanana na wachongaji wa Dar es Salaam kwa lolote linaloonekana. Walifanana kwa namna ya kukabili kilichowekwa mikononi mwao, na ufanano wa namna hiyo ni imara kuliko wa rangi au mdundo, kwa kuwa hautegemei damu, unategemea tendo.

Hoja yetu haina haki ya kuficha upungufu wa historia hii. Uchongaji wa Kimakonde ulikuwa kazi ya wanaume, na siri ya kinyago ilikuwa pia njia ya kuwatisha wanawake. Lakini ujumi wenyewe haukuwa mali ya wanaume. Sura iliyochongwa katika vinyago vingi ni ya mwanamke mwenye ndonya, pambo la kutobolea, katika mdomo wa juu na chale za pembe na mistari mashavuni, chale zilizokatwa katika ngozi na kusuguliwa mkaa uliosagwa. Kabla ya gogo, uwanja wa kwanza wa uchoraji ulikuwa mwili, na wanawake waliubeba uwanja huo maisha yao yote. Desturi hizo zilififia tangu miaka ya 1960, wakati wa harakati za uhuru, na leo chale nyingi zinaonekana zaidi katika mpingo kuliko katika nyuso. Pili, soko lililoruhusu ubunifu liliruhusu pia kurudia bila kufikiri. Vinyago vya aina moja huchongwa kwa mamia, na mti hafifu hupakwa rangi ya viatu ili uonekane mpingo. Mpingo wenyewe unapungua, nao hauwezi kuharakishwa: mti unaopandwa leo utafaa kuvunwa baada ya miaka 70 au hata 100. Mambo haya ni ya kusikitisha, ila yanathibitisha hoja badala ya kuivunja. Kama thamani ya kinyago ingekuwa katika weusi wake au ukabila wake, kile kilichopakwa rangi ya viatu kingetosha. Tunakiona hakitoshi kwa sababu tunajua kutofautisha mkono uliofikiri na mkono uliokariri.

Kwa hiyo swali la mwisho ni la majina. Kwa muda mrefu makumbusho ya Ulaya yaliandika kabila mahali pa jina la msanii, kana kwamba Wamakonde wote waliketi wakakishika kisu kimoja. Dar es Salaam ilianza kulibadili hilo: watu walijua kazi ya Samaki na ya Chanuo, na walijua kwamba mtindo wa mawingu, ule wa maumbo laini yaliyopinda kama moshi, ulikuwa wa Clementi Matei. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kuanza kama mchongaji, alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini humo, na kuwahamisha mashetani kutoka kwenye mti hadi kwenye rangi, akajulikana kwa jina lake mpaka alipofariki mwaka 2005. John Fundi alionyeshwa Paris mwaka 1989, katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre, kama msanii mmoja miongoni mwa wasanii wa dunia. Jina likiwekwa chini ya kazi, tunaweza kuuliza kwa nini aliamua hivi, alimjibu nani, alikosea wapi. Bila jina tunabaki na kabila, na kabila haliamui kitu.

Mwaka 1984 wezi waliingia katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba kinyago cha Kimakonde pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Ilipobainika kilikotoka, yalifuata majadiliano ya miaka mingi, mpaka Mei 2010 kilipokabidhiwa kwa Tanzania. Tulikuwa na haki ya kufurahi, na kurudi kwake kulitoa mfano mwema kwa nchi nyingine. Lakini kwa miaka yote ya madai hayo kiliitwa Kinyago cha Kimakonde, na kwa jina hilo kikarudi. Kuna mtu aliyeuchagua mti ule, akaupima kwa macho, akaamua mdomo ukae pale ulipo. Kabla kijana hajavua kinyago jandoni, huamini kwamba ni mzuka. Akishakivua huuona uso wa mtu na kumwita kwa jina. Sisi tumekipata kinyago. Kukivua bado.